Sheria moja ya forodha, programu tatu: watafiti wetu tunawatumia wapi?

Ukipakia kahawa au mahindi Mbale kupeleka Kenya, sheria ya forodha inayokuhusu ni moja. Ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na vifungu vyake ni vilevile Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Lakini programu za kompyuta zinazoitekeleza sheria hiyo hazifanani, na kila moja ina ukoo wake. Uganda inatumia ASYCUDA, mfumo ulioanza kutengenezwa mwaka 1981 na UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Geneva, tena kwa maombi ya nchi za Afrika Magharibi. Kenya kwa miaka mingi ilitumia Simba, mfumo uliotokana na ule wa Senegal, kabla ya kuhamia iCMS. Tanzania iliacha ASYCUDA yake na kujenga TANCIS kwa kushirikiana na Wakorea.

Geneva, Dakar, Seoul. Mzigo wako uko Mbale.

Sina ugomvi na Geneva wala Seoul, na mfumo mzuri hauulizwi kabila. Ninachouliza ni jambo ambalo wafanyabiashara wa ukanda huu wa Jinja, Iganga, Tororo na Mbale wana haki ya kuuliza pia. Kabla programu haijaandikwa, mtu fulani lazima aliamua kazi ya mpakani inakwendaje: nani anapeleka hati kwa nani, nani anasubiri nani, nani ana mamlaka ya kusema ndiyo. Uamuzi huo ndio modeli. Nani alichora modeli ya Malaba na Busia, na alipoichora alikuwa amemwangalia nani akifanya kazi?

Wasomi wa kompyuta wana jina refu la fani hii: uhandisi wa programu unaoongozwa na modeli. Jina linatisha, lakini wazo lenyewe linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kusimama mbele ya fundi cherehani wa Jinja anayeshona sare za shule. Fundi hakati kila shati kwa kukisia. Anachora kwanza kwenye karatasi ngumu, anaikata, kisha anailaza karatasi hiyo juu ya kitambaa na kukata mashati arobaini yanayofanana. Mkuu wa shule akitaka kola nyingine, fundi habomoi mashati yote ili kujifunza upya. Anarudi kwenye karatasi. Wahandisi hawa wanakwenda hatua moja mbele. Kwao, karatasi yenyewe ndiyo inayokata: mhandisi anachora modeli ya kazi, na kompyuta inazalisha sehemu kubwa ya programu kutoka kwenye mchoro huo. Mwaka 1997 kundi la viwango la OMG la Marekani lilipitisha lugha ya kuchorea inayoitwa UML, na mwaka 2001 likatangaza mbinu ya kujenga mifumo kwa kuanzia kwenye modeli. Si jambo geni tena duniani.

Kwa nini limhusu mtu anayeuza vitunguu? Tazama jinsi mzigo unavyosafiri siku hizi. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze kutekelezwa mwaka 2014, hati za mzigo zinaandikishwa katika nchi unakokwenda kabla haujaondoka. Bidhaa zinazotoka bandari ya Mombasa kuja Jinja, wakala wako anaziandikisha kwenye mfumo wa Uganda, kodi inalipwa Uganda, kisha ruhusa inatumwa kwa Wakenya ili mzigo utoke bandarini, ufungwe lakiri ya kielektroniki na kuanza safari. Ukipeleka bidhaa Kenya, mambo yanageuka: ni mfumo wa Kenya unaopokea hati. Maana yake ni kwamba programu mbili zilizozaliwa mbalimbali zinalazimika kuzungumza kila siku, usiku na mchana. Zinapoelewana, dereva hata hajui kwamba kuna kitu kinaendelea. Zisipoelewana, mfumo mmoja unasema ruhusa imetumwa, mwingine unasema haijafika, na lori linalala. Kila msomaji wa safu hii anayejua neno «netiweki iko chini» anajua gharama ya usiku mmoja Malaba: chakula cha dereva na tanboi, ulinzi, na nyanya zinazolainika.

Serikali zetu zilitangaza kwa furaha kwamba safari ya mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala, iliyokuwa ikichukua siku 18 hivi, ilishuka hadi siku 4 hivi. Ni mafanikio ya kweli na anayebisha hakuwahi kusafirisha mzigo miaka ile. Hata hivyo, siku 4 ni wastani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbale ambaye lori lake limetumia siku 9 halipwi fidia na wastani, na hawezi kujua siku 5 za ziada zilipotelea wapi: kwa wakala, benki, mizani, au kwa ofisa aliyekuwa na hati 70 mezani.

Hapo ndipo ninapotaka kuwatambulisha wasomaji kwa kazi ya msomi mmoja wa Uganda.

Dkt. Joyce Nakatumba-Nabende anafundisha sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Makerere. Wengi leo wanamjua kwa upande wa akili bandia, kwa kuwa anaongoza maabara ya Makerere inayoshughulika na data za lugha zetu na utambuzi wa magonjwa ya mazao. Lakini shahada yake ya uzamivu, aliyoipata mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, ilikuwa juu ya modeli za kazi za ofisini, na hasa juu ya mtu anayeifanya kazi hiyo. Msimamizi wake alikuwa Profesa Wil van der Aalst, ambaye duniani anahesabiwa kuwa baba wa taaluma inayoitwa uchimbaji wa michakato.

Uchimbaji wa michakato ni jirani wa karibu wa ule uhandisi wa modeli niliouelezea. Mhandisi wa modeli anachora kwanza kazi inavyopaswa kwenda. Mchimbaji anaanzia upande wa pili. Kila ofisa anapobonyeza kitufe, mfumo unaandika kimyakimya: hati ipi, hatua gani, nani, saa ngapi. Hizo ni nyayo. Mchimbaji anazikusanya kwa maelfu na kuiachia programu ichore njia ambayo kazi ilipita kweli. Aghalabu mchoro huo haufanani na ule wa kwenye mwongozo. Hati inayopaswa kupita meza nne inaonekana imepita meza saba, na miongoni mwa hizo saba kuna meza iliyorudiwa mara tatu.

Katika kazi aliyoandika mwaka 2008 pamoja na van der Aalst, Anne Rozinat na Nick Russell, Nakatumba na wenzake waliuliza kwa nini majaribio ya kompyuta yanayoiga kazi za ofisini hutoa majibu mazuri yasiyotokea ofisini. Jibu lao lilikuwa kwamba modeli hizo zinamchukulia mtu kama mashine. Zinadhani anafanya kazi moja tu, kumbe anagawana siku yake katika kazi nyingi. Zinadhani anashika kila hati inapofika, kumbe watu huziacha zirundikane kisha wakazishughulikia kwa mafungu. Zinadhani kasi yake ni ileile asubuhi na jioni. Zinadhani kazi haibadiliki hali inapobadilika.

Soma tena orodha hiyo ukiwa umesimama kwenye jengo la pamoja la forodha Busia, lile lililozinduliwa na Rais Museveni na Rais Kenyatta Februari 2018. Ofisa mmoja anahudumia malori ya kwenda Kampala, basi la abiria lenye masanduku chini, akina mama wenye cheti rahisi cha uasili, na simu ya bosi wake. Kila hati ikija, anaipokea. Lakini kuzishughulikia? Anasubiri zijae. Sijui kama kuna mfanyabiashara wa mpakani anayehitaji shahada ya uzamivu ili kulitambua hilo. Tofauti ni kwamba wewe unalijua kwa uchungu na huwezi kulithibitisha, wakati hawa waliweka njia ya kulipima.

Makala ya mwaka 2009 ya Nakatumba na van der Aalst inalisogeza jambo hilo mbali zaidi. Kuna kanuni ya kale ya saikolojia, ya Wamarekani Yerkes na Dodson, ya mwaka 1908, inayosema kwamba shinikizo kidogo humfanya mtu afanye kazi vizuri zaidi, lakini likizidi, uwezo wake unaporomoka. Wawili hao walitengeneza kifaa ndani ya programu ya ProM, ambayo ni kama karakana ya wachimbaji wa michakato, ili kupima kwa hesabu uhusiano kati ya mzigo wa kazi alionao mtu na muda anaotumia kumaliza shughuli moja. Yaani nyayo zinaweza kutuambia ofisa fulani anakuwa mwepesi foleni ikiwa ya watu wangapi, na anaanza kuzidiwa ikifika wangapi.

Kisha mwaka 2012, wakiwa na Michael Westergaard, wakachapisha kazi nyingine ambayo mimi naiona kuwa ya manufaa kuliko zote kwa mtu wa mpakani. Walionyesha jinsi ya kutengeneza nyayo za kuigiza kutoka kwenye modeli ambamo kasi ya mfanyakazi inapanda na kushuka kulingana na mzigo alionao. Modeli hizo zinachorwa kwa mtindo uliotokana na Mjerumani Carl Adam Petri, aliyeuandika katika tasnifu yake ya mwaka 1962. Ukijua kucheza bao, au omweso kama wanavyoita hapa Uganda, umeshakaribia kuuelewa: kuna mashimo, kuna kete, na kete hazihami mpaka masharti ya kuhama yatimie. Kete ni hati yako. Shimo ni meza ya ofisa. Kompyuta inaweza kucheza mchezo huo mara elfu kumi kwa usiku mmoja na kukuambia kete zinarundikana kwenye shimo gani.

Sasa kumbuka Januari 2022. Uganda ilitaka kila dereva apimwe korona mpakani kwa malipo, madereva wakagoma, na foleni ya malori upande wa Kenya ikaenea kwa makumi ya kilomita. Ndani ya siku chache mafuta yakaadimika, na bei ya petroli ikapaa Jinja, Mbale na Kampala. Bodaboda walipandisha nauli, na waliopandishiwa nauli wakapandisha bei ya nyanya. Agizo moja lililoongeza hatua moja kwenye mchakato. Laiti mtu angeichora hatua ile kwenye modeli ya Malaba kabla haijatangazwa, akaongeza shimo moja la kupima kila dereva, angeona foleni kwenye kioo cha kompyuta badala ya kuiona barabarani. Sidai kwamba waziri angesikiliza. Nasema angalau kungekuwa na kitu cha kumwonyesha.

Mfano mwingine ni mahindi. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye marufuku ikaondolewa na masharti yakawekwa: waagizaji waandikishwe, mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi kiwango, na uwe na cheti cha kuonyesha ulikotoka. Masharti yenyewe yana mantiki, hakuna anayetaka kula sumu. Shida ni kwamba kila sharti lilihitaji meza mpya, fomu mpya na ofisa anayejua la kufanya nayo, na yote hayo yalishuka mpakani kwa wiki moja. Kanuni zikibadilika ghafla namna hiyo, mfumo ulioandikwa mstari kwa mstari unahitaji mwandishi wake aitwe, alipwe na asubiriwe. Mfumo uliojengwa juu ya modeli unahitaji mchoro urekebishwe, na pande zote mbili za mpaka zione marekebisho yaleyale siku ileile. Kwa biashara ya nafaka, tofauti ya wiki mbili ni tofauti kati ya faida na magunia yanayoota ukungu.

Nisieleweke vibaya. Jumuiya ina miongozo ya taratibu za Himaya Moja ya Forodha, na kuna watu makini Arusha na kwenye mamlaka za mapato walioiandika. Ila mwongozo ni maandishi ya kusomwa na binadamu. Programu haiusomi. Kila nchi inauchukua mwongozo, inaupa kampuni au kitengo chake, nao wanautafsiri kwa namna yao kwenye mfumo wao, na tafsiri tatu za sentensi moja hazitafanana hata wakitafsiri malaika. Ninachopigania ni modeli moja ya pamoja, iliyo mali ya Jumuiya, iliyochorwa kwa lugha ambayo kompyuta inaielewa, na ambayo mifumo ya kila nchi inaweza kuipima kazi yake dhidi yake. Si lazima tuitupe ASYCUDA wala iCMS.

Atasema mtu: tatizo la mpakani si modeli, ni kitu kidogo. Kweli, hakuna ofisa anayeandika kwenye mfumo kwamba amepokea chai. Lakini kusubiri kunaandikwa. Hati zinazofanana, za bidhaa zinazofanana, kwenye meza moja, baadhi zikipita kwa dakika 20 na nyingine zikikaa saa 30, hiyo ni nyayo, na mchimbaji ataiona hata asipojua sababu yake. Kuuliza sababu ni kazi ya wakaguzi, na ya waandishi kama mimi.

Pingamizi zito zaidi ni lile ambalo wafanyabiashara wenyewe wangelitoa, na nina huruma nalo. Kila mara serikali inaposema inakusanya data ili kurahisisha biashara, bili inayofuata ni ya kodi. Uganda ilileta risiti za kielektroniki za EFRIS mwaka 2021, na Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka wakiupinga mfumo huo. Kenya ina eTIMS yake, Tanzania ina mashine za EFD tangu 2010. Nchi tatu, mifumo mitatu ya risiti, na mtu anayenunua Mbale na kuuza Bungoma anatakiwa aelewe zaidi ya mmoja. Malalamiko ya EFRIS yalikuwa mengi, lakini mojawapo linahusu moja kwa moja ninachokisema hapa. Mfumo unadhani kila anayekuuzia bidhaa ana risiti ya kukupa. Anayenunua maharage mashambani Sironko au Manafwa ananunua kwa mkulima asiye na risiti na asiye na simu ya kuitolea. Mchoraji wa mfumo hakumchora mkulima huyo, kwa hiyo maharage yake yanaingia dukani kama vile yameanguka kutoka mbinguni, na mwenye duka ndiye anayebeba mzigo wa kuyaeleza.

Hilo ndilo linalonifanya nisiridhike na uchimbaji wa nyayo peke yake. Nyayo zinaachwa na wale wanaokanyaga kwenye mfumo. Mama anayevuka Lwakhakha na debe la nyanya na mikungu miwili ya ndizi hakanyagi humo. Kanuni za Jumuiya zinamruhusu kutumia cheti rahisi cha uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, na cheti hicho kinamwokoa na ushuru wa forodha ikiwa bidhaa imo kwenye orodha na imezalishwa ndani ya Jumuiya. Wengi hawakijui, au wanakijua lakini wanaona njia ya panya ina haraka zaidi. Shirika la Takwimu la Uganda na Benki Kuu wamekuwa wakiweka watu mipakani wa kuhesabu biashara isiyoandikishwa, kwa macho na kalamu, kwa sababu kompyuta hazina habari nayo. Modeli ya Lwakhakha itakayochimbwa kutoka kwenye seva pekee itaonyesha mpaka mtulivu wenye malori machache. Yeyote aliyefika pale siku ya soko anajua kwamba huo ni mpaka mwingine kabisa. Kwa hiyo kazi ya modeli inahitaji watafiti wa kwenda kusimama pale, kuuliza, kuhesabu na kuchora, na watafiti hao hawawezi kutoka Eindhoven.

Nayaangalia majina kwenye makala hizo za 2008 hadi 2012. Msomi wetu mmoja, na waliobaki ni wa nje. Si kosa lake hata kidogo. Mwanafunzi wa uzamivu huandika na wasimamizi wake, na fedha za masomo zilitoka huko. Uholanzi iligharamia hata mpango mkubwa wa kuimarisha mafunzo ya kompyuta katika vyuo vikuu vinne vya umma vya Uganda: Makerere, Kyambogo, Gulu na Mbarara. Tunawashukuru. Lakini ukitazama ramani, vyuo hivyo vinne vinazunguka nchi nzima isipokuwa upande huu wa mashariki, ambako ndiko mizigo ya nchi inakopita.

Na upande huu hauna upungufu wa vyuo leo. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa 2007, kiko kando ya barabara kuu ileile inayotoka Jinja kwenda Tororo. Malori ya Malaba yanapita mbele ya lango lake usiku kucha, na ndani yake wanafundisha uhandisi wa kompyuta. Mbale kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988. Ukivuka mpaka, Bungoma kuna Kibabii, Kakamega kuna Masinde Muliro, Eldoret kuna Moi. Mwalimu wa Busitema anaweza kunywa chai nyumbani asubuhi na kuwa Bungoma kabla ya chakula cha mchana. Ningependa kuona makala moja tu juu ya foleni ya Malaba yenye jina la Busitema na jina la Kibabii kwenye mstari mmoja, na nyuma yao mtu wa Makerere aliyekwisha kujua njia. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lina makao yake Kampala. Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia ya Jumuiya iko Kigali. Kuwaunganisha watu hawa ndiyo kazi waliyoajiriwa kufanya, na mpaka wa Malaba ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko kongamano jingine la hotelini.

Kitakachowazuia si akili wala fedha nyingi. Ni nyayo. Kumbukumbu za mifumo ya forodha ziko mikononi mwa mamlaka za mapato, na mamlaka zina sababu halali za kuzilinda: zina siri za biashara za watu, zako na za mshindani wako. Hata hivyo, mchimbaji hahitaji jina lako wala bei uliyonunulia. Anahitaji namba ya hati iliyofichwa, hatua, na saa. Jina linaweza kufutwa kabla data haijatoka mlangoni, na mkataba ukaandikwa kwamba haitumiki kumkadiria mtu kodi. Bila sharti hilo la pili, mimi mwenyewe nisingemshauri mfanyabiashara yeyote akubali, baada ya yote tuliyoyaona kwenye EFRIS.

Nani aliombe jambo hili? Wasomi wakiliomba peke yao, barua itakaa kwenye trei. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vya Busia, Malaba na Lwakhakha vinakaa na maofisa wa nchi zote mbili kwenye kamati za pamoja za mpakani, na huko ajenda huwa ni zilezile: vyoo, taa, maegesho, unyanyasaji. Zibaki, maana ni za kweli. Lakini iongezwe moja: kwamba mamlaka mbili za mapato zitoe kumbukumbu za miezi mitatu, zilizofutwa majina, kwa vyuo viwili, kimoja kila upande, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya kamati hiyohiyo. Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Ripoti ya kurasa 60 kwa Kiingereza haitamfikia dereva wala mama wa nyanya.

Wakati barua hizo zikisubiri majibu, wafanyabiashara wanaweza kuanza na daftari la shilingi elfu moja. Kwa kila mzigo, andika saa sita tu: saa uliyompa wakala hati, saa aliyosema ameziingiza, saa kodi ilipolipwa, saa lori lilipofika mpakani, saa lilipoitwa, saa lilipovuka. Ongeza mstari mmoja wa kueleza kilichosubiriwa. Anayetumia njia ya Lwakhakha au Suam na aandike pia, hata kama mzigo ni debe mbili. Madaftari 50 ya Jinja na Mbale kwa msimu mmoja wa mavuno yatatosha kumpa mwanafunzi wa Busitema kitu cha kuchora, na kumpa mwenyekiti wa chama kitu cha kuweka mezani ofisa atakapofungua ule ukurasa wake wa wastani wa siku 4.